Flashi haikufa, iligombania herufi

Ukichomeka flashi na kompyuta ikatoa ule mlio wake, mara nyingi flashi iko hai, hata kama huioni popote. Wiki iliyopita nilishindwa kabisa kumweleza hivyo kijana wa duka la kuchapisha pale Wandegeya, Kampala. Yeye alikuwa na dawa moja tu: "Mzee, hii tuifomati," yaani tufute kila kilichomo. Ndani mna hesabu za SACCO yetu za miaka miwili! Kufomati flashi kwa sababu haionekani ni kubomoa nyumba kwa sababu umepoteza ufunguo.

Nilianza kwa kuhamisha tundu. Kwenye kompyuta ya mezani, matundu ya mbele hufika kwenye ubao mkuu kwa waya, na waya huo hulegea. Ya nyuma yako kwenye ubao wenyewe. Nilichomeka nyuma: mlio upo, taa inawaka, flashi haipo.

Hapo nikafanya upumbavu. Niliomba ufutio wa penseli nikasugua vile vipande vinne vya shaba dakika kumi nzima, kama mtu anayekwangua sufuria ya posho (ugali) iliyoungua. Vya pembeni viwili hupitisha umeme, vya katikati viwili hupitisha data. Vya katikati vikichafuka, mara nyingi taa huwaka lakini mlio husikii. Mimi mlio niliusikia tangu mwanzo! Ufutio una kazi yake, ila siku hiyo haukuwa na kazi.

Ndipo nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika diskmgmt.msc. Hapo huonekana kila diski iliyochomekwa, hata isiyojitokeza kwenye "This PC", ile orodha ya diski unayoizoea. Flashi yangu hiyo hapo: "Removable" (ya kuchomoka), 14.90 GB, "Healthy" (nzima). (Ni ya GB 16, hakuna aliyeiba, kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.) Na herufi, ile ambayo Windows huipa kila diski kama jina, inayo: E.

Nikarudi "This PC". E ipo, lakini ni folda ya mtandao, ile ambayo kompyuta zote za duka huchukulia kazi kutoka mashine kubwa. Mchawi huyo hapo. Windows huipa flashi herufi ya kwanza iliyo wazi kati ya diski za mashine yenyewe. Folda ya mtandao ni mali ya mtumiaji aliyeingia, kwa hiyo wakati mwingine haihesabiwi. Wawili wakapewa E moja, folda ikaifunika flashi.

Kutibu ni chini ya dakika moja. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, "Change Drive Letter and Paths", kisha "Change". Usichague F wala G, maana nazo hugombaniwa, nenda mbali. Mimi nilichukua U, ya Uganda. Itakuonya kwamba programu fulani huenda zisifanye kazi, kubali tu. Inahitaji nywila ya msimamizi, na kijana aliiandika huku amenuna. Kompyuta hiyo itaikumbuka U kila ukirudi na flashi ileile. Kompyuta nyingine haijui habari hiyo.

Kama ukurasa ule ungeandika "RAW", yaani Windows haitambui mpangilio wa mafaili, ningefungua TestDisk au PhotoRec, programu za bure za kuokoa mafaili, na kuokolea mafaili kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi hiyohiyo. Chkdsk, kifaa cha Windows cha kukagua diski, hukataa RAW, usipoteze muda. "No Media" ni msiba: kidhibiti, ile chipu inayoendesha flashi, kinaitika lakini hakifikii kumbukumbu, na programu za kawaida haziifufui. Na flashi ikifunguka lakini folda zote zimegeuka njia za mkato (shortcut), ni virusi. Usibofye hata moja. Pitisha antivirusi kwanza, kisha kwenye cmd, dirisha la kuandika amri, andika attrib -h -r -s /s /d U:\*.* (weka herufi yako) mafaili yajitokeze.

Flashi mpya ya GB 16 utaipata kwa bei nafuu, lakini hesabu za miaka miwili haziuzwi dukani. Kijana alitaka elfu kumi "ya ufundi". Nilimlipa za kurasa nilizochapisha, basi.