Siku moja na springi ya kukazia mkanda

Saa 1:00 asubuhi

Trekta ndogo ya kukata nyasi imenitangulia mlangoni. Mwenyewe anasimulia: jana ilianza kutoa harufu ya mpira unaoungua, visu vikawa vinazunguka kivivu, mwisho vikasimama kabisa huku injini ikiendelea kunguruma. Hapo najua mkanda wa visu umekwisha. Namwambia arudi jioni. Anashangaa, maana aliambiwa kubadilisha mkanda ni kazi ya nusu saa. Mkanda wenyewe ni kweli. Lakini kwenye mashine yake mkanda huo unakazwa na springi nene, na asubuhi nzima naitengea springi.

Saa 1:40

Hendibreki imekazwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, waya wa plagi nimeuchomoa na kuufunga pembeni usije ukarudi kugusa. Ukizungusha kisu kwa mkono unaweza kuizungusha na injini, kwa hiyo sigusi chochote chini ya mashine kabla ya hayo matatu. Deki, lile bati linalofunika visu, tumeishusha hadi chini kabisa ili mikono ipate nafasi. Kijana ninayemfundisha anapiga picha kwa simu: mkanda unapita wapi, puli (gurudumu la mkanda) ipi inagusa mgongo wake, mdomo wa kulabu ya springi unatazama wapi. Namwambia apige tena kutoka upande wa pili. Saa sita mchana picha hizo ndizo zitakazokumbuka, si sisi.

Saa 2:30

Mkanda umetoka. Ubavu mmoja unang'aa kama kioo, nyuzi zimechomoza. Nauweka kando na kuzungusha puli ya kukazia kwa kidole. Inakoroma. Beringi imekufa, na puli isiyozunguka vizuri huusugua mkanda mpaka uungue. Tungefunga mkanda mpya juu ya puli ile ile, mwenye mashine angerudi na harufu ile ile. Tunaweka puli mpya.

Mkanda mpya nausoma namba yake, siupimi kwa macho. Wa zamani umeshavutika, ukiuweka kando ya mpya utadhani umeletewa mfupi. Na mikanda ya mashine hizi mara nyingi huwa na nyuzi imara za aramidi kwa sababu inapindwa mbele na nyuma na kubeba mishtuko ya visu. Mkanda wa kawaida wenye upana na urefu ule ule utaingia vizuri, utafanya kazi siku chache, kisha utaachia.

Saa 3:30

Springi. Wakati wa kuitoa nilipitisha kamba ya kuwashia injini kwenye kulabu, nikafunga kipande cha mti kama mpini, nikavuta ikachomoka. Kuirudisha ni kazi nyingine, maana lazima uvute na kulenga tundu kwa wakati mmoja, chini ya fremu ambako mkono mmoja unaingia kwa shida.

Kwanza naikagua. Mizunguko yake bado imebanana na shingo za kulabu hazijalika. Ingekuwa imeachana ikiwa imelala tu mezani, ningeibadilisha.

Kwenye mashine nyingi jambo huwa rahisi: mkanda ukiwa haujafungwa, mkono wa puli, yaani chuma kinachobeba puli ya kukazia, unalegea hadi springi inaingia bila kuvutwa, kisha unausukuma mkono na kuvalisha mkanda. Hii ina kizuizi cha chuma kinachousimamisha mkono njiani. Napima: springi ikilala ina sentimita 15, kutoka tundu hadi tundu ni 18. Sentimita tatu.

"Fundi, nikiibana kwa plaizi nikavuta, si itafika?"

Namwonyesha kovu kwenye kidole changu cha shahada. Plaizi iliteleza, springi ikarudi. Na hata isipoteleza, meno ya plaizi yanaacha mkwaruzo kwenye waya, na springi iliyokwaruzwa huanza kuvunjikia pale pale.

Tunajaribu kamba tena, miwani machoni, wote tumesimama kando, hakuna aliyekaa kwenye mstari wa springi. Tunabakiza sentimita moja. Mikono inatetemeka. Namwambia aachie taratibu.

Hiyo sentimita ya mwisho ndiyo ninayotaka aielewe. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni kwamba nguvu ya springi inaongezeka sawasawa na jinsi unavyoivuta. Watu wengi wanaishia hapo. Lakini nishati inayojificha ndani yake inaongezeka kwa kasi zaidi: ukiivuta umbali mara mbili ya ule wa kwanza, inakaribia mara nne. Springi za kuvuta kama hii zina ujanja mwingine pia. Husukwa mizunguko ikiwa imeshabanana, kwa hiyo unavuta, unavuta, haiachii hata kidogo, kisha ghafla inaanza kufunguka. Asiyejua anaongeza nguvu wakati ule ule inapoanza kutii, na hapo ndipo mkono unapoteleza.

Saa 5:00

Tunaleta kopo la washa, vile vibati vya duara vyenye tundu vinavyowekwa chini ya nati. Naibana springi kwenye jiliwa kwa kulabu moja, naipinda upande mmoja kwa kamba, mapengo yanafunguka, kijana anachomeka washa moja kila pengo. Kisha tunaipinda upande wa pili na kuchomeka tena. Mapengo 20, washa za unene wa milimita 1.5: zikijaa, springi imerefuka sentimita tatu na inajishikilia yenyewe. Tunazihesabu kwa sauti, 40. Naizungushia kitambaa kwa sababu washa ikichomoka inaruka kama jiwe la manati.

Inaingia kwa vidole viwili. Kulabu ya kwanza kwenye fremu, ya pili kwenye mkono wa puli, mdomo ukitazama chini kama kwenye picha. Kijana anacheka kwa furaha, na mimi pia, ingawa nimeshafanya hivi mara nyingi.

Kisha bomba refu kwenye mkono wa puli. Ninavyousukuma, springi inavutika zaidi na washa zinadondoka ndani ya kitambaa. Yeye anavalisha mkanda kwenye puli ya mwisho, vidole vikiwa nje ya mfereji, ananiambia "tayari", naurudisha mkono polepole mpaka puli iushike mkanda.

Tunahesabu washa. 39.

Saa 6:20

Tumeitafuta robo saa. Ilikuwa imenasa kwenye grisi juu ya deki, sentimita chache kutoka puli. Ingeingia kati ya puli na mkanda, kazi yote ingeharibika siku ya kwanza.

Saa 8:00

Nazungusha visu kwa mkono nikiwa na glavu. Mkanda haujapinda popote, uko ndani ya vyuma vyote vya kuuelekeza. Vifuniko vinarudi, waya wa plagi unarudi. Nawasha, naunganisha visu: sauti moja, laini. Nazima visu, nasikiliza vinavyosimama. Narudia mara tatu, kwa sababu mkanda usiolegea vizuri unaacha visu vikizunguka baada ya dereva kudhani amevizima.

Saa 10:30 jioni

Mwenyewe amekuja. Namwambia akate nyasi saa chache, kisha azime, achomoe waya wa plagi na aangalie mkanda. Mara ya kwanza unaweza kuacha vumbi jeusi kidogo. Likiendelea, airudishe trekta.

Nyuma yangu kijana anamimina washa kwenye kopo, anahesabu upya moja moja. Anafika 40, anafunga kifuniko.