Picha za Rungwe ziko Ujerumani, sisi tuna nini?

Wamoraviani wenzangu, hili suala la kumbukumbu za kanisa linanigusa sana. Wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, 1891 na walikuwa watu wa kuandika, barua, shajara, ripoti, na picha kibao, nyingi zikatunzwa Herrnhut kule Ujerumani na hadi leo zipo. Afadhali siku hizi picha zimeskanwa, Chuo Kikuu cha Southern California kule Marekani kimeziweka mtandaoni, yani unakaa zako Tukuyu na simu yako unaangalia makanisa na shule za enzi hizo. Barua ndo kazi, mwandiko wa Kijerumani wa zamani hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi.

Ila kinachoniuma zaidi ni vya huku kwetu. Rejista za ubatizo na madaftari ya wazee wa kanisa yanaliwa na mchwa kwenye makabati, na humo ndo kuna majina ya mababu zetu. Vijana, muombeni mchungaji ruhusa, pigeni picha kila ukurasa kwenye mwanga mzuri, wekeni nakala sehemu mbili tofauti, halafu kaeni na bibi na babu wawatajie nani ni nani kwenye zile picha za zamani za mtandaoni, wangali wanakumbuka.