Omo, tezi na ulanzi: ninavyolimaliza fumbo la maneno la gazeti

Nina duka la vipuri vya pikipiki Mwanjelwa, hapa Mbeya, na gazeti la Kiswahili nalinunua kila siku kwa ajili ya ukurasa mmoja. Habari nasoma, michezo naipitia, lakini penseli naitoa nikifika kwenye fumbo la maneno, lile la visanduku vyeusi na vyeupe lenye vidokezo vya mlalo na vya wima. Kwa muda mrefu nilikuwa naliacha nusu. Siku hizi nalimaliza karibu kila mara, na silimalizi peke yangu. Naandika hapa msaada huo naupata wapi na nauombaje, maana najua tuko wengi tunaokwama palepale.

Kuna kazi ya kufanya kabla hujamsumbua mtu. Kiswahili kina tabia yake, na tabia hiyo inasaidia. Maneno yake karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kikiangukiwa na A kutoka kwenye neno linalokatiza, bado hujapata kitu. Maneno yanayoishia na A ni chungu nzima. Mali iko kwenye konsonanti. Ukipata C, kinachofuata ni H tu. Kidokezo kikiwa katika wingi, jibu nalo liko katika wingi, basi tafuta VI, WA, MI au MA pale mwanzo. Kikiwa kitenzi cha kutendwa, andika WA mwishoni, kwa wepesi, penseli isikandamize. Visanduku viwili hivyo vimenifungulia pembe nyingi za fumbo nilizokuwa naziona ukuta mtupu.

Tahajia nayo ina lake. Huku bara wengi wetu tunasema zahabu, zambi, selasini, na sokoni tunaelewana bila shida. Mtunga fumbo hakubaliani na hilo. Anataka DHAHABU, visanduku saba, na wewe una herufi sita mkononi unashangaa mbona neno limepungua. Neno likikupungukia herufi moja, litamke upya kwa DH, TH, GH au KH kabla hujalitupa. Thelathini inameza visanduku kumi, selasini vinane tu.

Halafu kamusi. Ninayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ile ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, na jalada lake limeshashikwa sana kwa mikono yenye grisi. Kamusi ni rafiki, ila ina masharti. Imepangwa kwa herufi ya mwanzo, kwa hiyo kama herufi ya mwanzo huna, utapekua hadi duka lifungwe. Ndiyo maana siku hizi nikikwama kwenye neno la mlalo, siling'ang'anii hilo. Naenda kwanza kwenye neno la wima linalopita katika kisanduku chake cha kwanza. Nikishaipata herufi hiyo, kamusi inaanza kufanya kazi. Sharti la pili ni kwamba majina yamewekwa kwa umoja wake na vitenzi bila KU. Kidokezo kikisema "Viungo vya kuonjea", jibu ni NDIMI, lakini ukienda kwenye N hutaliona. Liko kwenye U, ndani ya ulimi. Vivyo hivyo nyavu ziko kwa wavu na mbao ziko kwa ubao. Mwanafunzi wa darasa la sita anazijua ngeli hizi vizuri kuliko sisi watu wazima, na nimewahi kusaidiwa na mtoto wa jirani aliyekuja kununua kiberiti duka la pili.

Lakini yote hayo yalinifikisha mahali fulani, nikasimama. Kilichonisimamisha ni bahari.

Watunga mafumbo wanapenda maneno mafupi yenye irabu nyingi, na maneno ya vyombo na pepo za baharini yako hivyo hasa: omo, tezi, dau, kafi, kusi. Sasa mimi nimezaliwa Tukuyu, chini ya mlima Rungwe. Nafahamu migomba, chai, mvua isiyokata na barabara ya utelezi. Maji makubwa niliyowahi kuyaona utotoni ni Ziwa Nyasa kule Matema. Kidokezo "Mtego wa samaki wa kusukwa" nilikijibu kwa furaha: mgono, kama tunavyowaona nao wavuvi. Mgono una herufi tano, visanduku vilikuwa vinne.

Nyuma ya duka langu kuna mama anayeuza vitumbua asubuhi. Asili yake ni Pangani, kule pwani. Mumewe aliletwa Mbeya na kazi ya reli ya TAZARA, na walipostaafu hawakurudi. Namwamkia kila siku, nanunua vitumbua vyangu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba majibu yangu yapo hatua chache kutoka kaunta. Siku ile ya mtego nilimwendea nikiwa na gazeti.

"Shikamoo mama. Kule kwenu mtego wa samaki wa kusukwa, mbali na mgono, mnauitaje?"

"Marahaba mwanangu. Wa kusukwa? Si dema hilo." Akaweka upawa chini. "Babangu alikuwa anayasuka mwenyewe, kwa fito. Unalizamisha na chambo ndani, samaki akiingia hatoki. Mlango wake umeingia kwa ndani hivi." Akanionyesha kwa vidole vitano vilivyobanwa pamoja, vikielekea kiganjani mwa mkono wa pili.

DEMA. Visanduku vinne, na ile M ikakubaliana na neno la wima ambalo nilikuwa nimelitilia shaka tangu asubuhi.

Tangu hapo nikawa namletea maswali yangu ya bahari, naye akawa anayangoja. Alinichorea jahazi kwenye pembe ya gazeti kwa kalamu yangu: mbele ni omo, nyuma ni tezi, na pale chini ndani ya chombo, maji yanakokusanyika, ni ngama. "Ndiyo maana wazee wanasema, kwenda tezi na omo, marejeo ngamani." Methali hiyo nilikuwa nimeisoma shuleni na kuikariri bila kuona picha yoyote. Akanipa na pepo: kusi unaovuma kutoka kusini katikati ya mwaka, ambao ndio wakati huku kwetu tunatetemeka kwa baridi ya Juni na Julai, na kaskazi unaokuja Disemba, wakati sisi tumeshaanza kupanda mahindi. Bamvua na maji mafu alinieleza kwa mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mchanga, maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu. Nimeshaviandika vyote hivyo visandukuni kwa nyakati tofauti.

Nimejifunza pia namna ya kuuliza. Simwonyeshi mtu visanduku kwanza. Ukimwambia mtu "nataka neno la herufi nne, ya pili ni E", anaanza kuhesabu vidole, anaingiwa na wasiwasi wa mtihani, na neno lenyewe linamkimbia. Muulize kitu chenyewe. Mwache aeleze kinavyofanya kazi, kinatengenezwaje, nani anakitumia. Majina yatatoka yenyewe, pengine mawili au matatu, kisha wewe kaa pembeni uhesabu. Njia hii imenipa jibu mara nyingi kuliko ile ya kuhesabu herufi mbele ya mtu. Na aliyeulizwa habari za kwao hajisikii kusumbuliwa.

Kwa hiyo kila kidokezo nakipeleka kwa mwenye kazi yake. Shehe jirani alinipa EDA, kile kipindi cha mjane baada ya kufiwa na mumewe, na ananinyooshea maneno mengi ya Kiarabu ninayoyasikia vibaya. Fundi seremala ana yake, randa na patasi. Maneno mapya namtumia mpwa wangu anayesoma Iringa, kwa picha ya simu. Yeye ndiye aliyenipa KISHIKWAMBI, visanduku kumi na kimoja, kile kifaa cha mkononi kikubwa kuliko simu, na kwenye ile kamusi ya 1981 usingelikuta. Wanafunzi wanaambizana maneno hayo. Sisi wa vipuri yanatupita.

Na msaada unakwenda pande zote mbili. Kuna siku mama wa vitumbua alinikuta nimeshajaza "Pombe ya mianzi", akashangaa. Miaka yote aliyokaa Mbeya hakuwa na jina lake. ULANZI, nikamwambia, ni wa watu wa Iringa na Njombe: mwanzi mchanga unakatwa ncha wakati wa mvua, unafungiwa chombo, utomvu unadondoka, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi ukali. Siku ya kwanza ni mtamu kama juisi. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama mianzi yenyewe inapandwa au inajiotea. Inapandwa, na mtu anayo yake shambani.

Wapo wanaoniambia kuuliza ni kuiba, kwamba fumbo ni la kichwa chako peke yako. Siamini hivyo hata kidogo. Fumbo la namna hii lilianza kama burudani ya gazeti la Jumapili. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alilichapisha katika New York World tarehe 21 Disemba 1913, likiwa na umbo la almasi, na neno la kwanza la juu alikuwa amewajazia wasomaji tayari. Mtunzi mwenyewe alianza kwa kuwapa mkono. Ninachokataa ni kungoja jibu la kesho halafu kulinakili. Hapo hujapata neno, umejaza karatasi tu.

Jibu la kesho nalitumia kwa kazi nyingine. Gazeti likifika nafungua majibu ya jana, na lile neno lililonishinda naliandika kwenye daftari la duka, ukurasa wa nyuma, pamoja na kidokezo chake neno kwa neno. Sipangi kwa alfabeti. Napanga kwa mambo: bahari, dini, mapishi, ujenzi, wanyama, sheria. Watunzi wana mazoea, na kidokezo kilekile hurudi baada ya wiki au miezi, wakati mwingine kimegeuzwa kidogo, "mbele ya chombo" kikawa "kinyume cha tezi". Anayeanza leo nadhani aanze na ukurasa wa bahari, hasa kama naye amekulia huku milimani. Ukurasa wangu huo umeshajaa, na mama ameomba nimtolee kopi ampelekee mjukuu wake aliyezaliwa Uyole na ambaye Pangani hajafika.