Nchi Yenu Iko Upande Gani?

Tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, swali hili naulizwa huku na huko. Kule Brescia, Italia, huniuliza wanawake wa Ukraine ninaofanya nao kazi ya kutunza wazee. Nikija likizo nyumbani Malindi, huniuliza kina ami barazani Shella, tena kwa ukali, kana kwamba nimetumwa: hao Wazungu wako wanatutakia nini kwenye vita vyao?

Wale wa Brescia nilikuwa na la kuwaambia. Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, Kenya ilipiga kura ya ndiyo pamoja na nchi nyingine 140. Tano zilipinga, Eritrea ikiwa mojawapo. Nchi 35 hazikusema ndiyo wala la, na humo wamo majirani zetu Tanzania, Uganda na Burundi. Mama mmoja ambaye mwanawe yuko jeshini alifungua ramani kwenye simu, mikono yake bado ina unyevu wa kumwogesha bibi wa watu, akaweka kidole juu ya Tanzania. "Na hawa tuliwakosea nini?"

Nilimweleza kadiri Kiitaliano changu kilivyonifikisha. Kamati ya Ukombozi ya Afrika, iliyowasaidia wapigania uhuru, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipata silaha kutoka Muungano wa Kisovieti, ilhali Ureno waliyopigana nayo ilikuwa mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Wema wa aina hiyo hausahauliki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Ukraine nayo ilikuwa ndani ya muungano huo huo, kwa hiyo deni ni lao pia. Sikuwa na jibu, na hadi leo naona alisema kweli.

Kenya nayo haikuamua kwa kuipenda Ukraine. Tarehe 21 Februari, siku tatu kabla ya uvamizi, balozi wetu Martin Kimani aliliambia Baraza la Usalama kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa London, Paris na Lisbon, na lau tungedai kila nchi iwe ya kabila moja au dini moja, tungekuwa bado tunamwagana damu. Mtu wa pwani hii hahitaji kufafanuliwa hotuba ile. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vilikuwa vya mpaka wetu na Somalia. Ufini, yenye mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi, ilikaa nje ya NATO miaka na miaka, ikaingia Aprili 2023. Vita vya mbali kila mtu huvipima kwa jirani yake.

Malindi ilifanya hivyo hivyo mwaka 1498. Vasco da Gama alikuwa ameshakorofishana na Mombasa; sultani wetu akampokea, akampa na rubani wa kumfikisha India. Hakumpenda Mreno, alikuwa na uhasama na Mombasa. Mwaka 1505 Wareno wakaichoma Mombasa. Ila mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu huko huko Mombasa, mtawala wa Malindi akahamia kule, na mji wetu ukafifia. Nguzo ya da Gama ingali hapa ufukweni, wageni wanaipiga picha.

Kina ami wananikumbusha pia kwamba kutochagua hakukutuokoa. Mwaka 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Italia ziliangusha mabomu Malindi, na Malindi haikuwa imeulizwa lolote. Bendera tu ilikuwa ya Mwingereza. Safari hii vita vimekuja na bei ya unga. Ngano nyingi tunayokula inatoka nje, Urusi na Ukraine zikiwa wauzaji wakubwa, na mama anayetukaangia mahamri asubuhi aliyapunguza ukubwa kabla ya kuthubutu kuongeza shilingi.

Lakini kinachowauma zaidi ni Gaza. Wanauliza mbona wanaotuhimiza tuilaani Urusi hawasemi kwa sauti ile ile mabomu yanapowaangukia Wapalestina. Wana haki ya kuuliza, nami nawauliza hivyo hivyo Waitaliano ninaoishi nao. Ila siwezi kumwambia yule mama kwamba dhuluma ya Gaza inahalalisha ya Ukraine.

Kitu kimoja tu ndicho ninachoidai serikali yetu. Tarehe 7 Aprili 2022, Urusi iliposimamishwa kwenye Baraza la Haki za Binadamu kwa kura 93 dhidi ya 24, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 58 ambazo hazikusema ndiyo wala la. Huenda ilikuwa na sababu nzuri. Barazani Shella hakuna aliyejua kura hiyo ipo mpaka nilipoitaja mimi, mgeni wa wiki chache. Februari tulielezwa kwa nini, dunia nzima ikasikiliza. Kura ya Aprili nayo ni yetu, tuelezwe, tena kwa Kiswahili.