Siku Moja Nikipima Maji ya Msitu wa Rondo

Saa 12 asubuhi, kabla jua halijavuka vilele vya mivule, huwa nimeshafika kwenye eneo letu la upimaji katika uwanda wa juu wa Rondo, mkoani Lindi. Kazi ya kwanza ni kusoma mikanda ya chuma iliyofungwa kwenye mashina. Shina hunywea mchana, majani yanapotoa mvuke kwa kasi kuliko mizizi inavyopandisha maji, kisha huvimba tena usiku. Kwa hiyo kipimo cha alfajiri huonyesha kama mti umeweza kurudisha ulichopoteza jana. Novemba hii, baada ya kiangazi kilichofuata msimu wa mvua haba, miti kadhaa haifikii tena kipimo cha wiki iliyopita.

Hata hivyo, usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha. Mzee ninayefanya naye kazi, ambaye ameulinda msitu huu tangu ujana wake, aliitikia shikamoo yangu kwa uso mkunjufu.

“Mwanangu, sasa tumepona.”

“Inshallah, Mzee. Tusome kwanza vipimo.”

Vipima mvua husomwa saa 3 asubuhi, na ratiba hiyo hatuivunji. Kilichopo uwanjani, mahali pasipo na mti, kilikuwa na milimita 6. Vilivyopo chini ya miti havikufika hata milimita 4, na maji yaliyotiririka kwenye mashina yalikuwa kidogo mno. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, yaani lita 10,000 kwa hekta, kwa hiyo zaidi ya lita 20,000 katika kila hekta ziliishia majanini na kurudi angani bila kugusa ardhi. Majani na matawi hushika kiasi fulani cha maji kabla ya kuanza kudondosha, na kiasi hicho hakibadiliki sana mvua iwe kubwa au ndogo. Ikinyesha milimita 40 kwa mkupuo, hasara hiyo haionekani. Zikija rasharasha, kama ilivyo kawaida ya mwaka wa ukame, sehemu kubwa hupotea njiani. Ndiyo maana upungufu wa mvua unaotangazwa redioni huwa mdogo kuliko ule unaoupata udongo wa msituni.

Saa 5 tulichimba kwa keekee ya udongo. Unyevu ulikuwa umeingia kina cha kiganja tu. Chini yake mchanga ulitoka mkavu, ukimwagika kabla hatujautia kwenye makopo. Sampuli hupimwa uzito, hukaushwa katika tanuri kwa nyuzijoto 105 kwa saa 24, kisha hupimwa tena, na tofauti ndiyo maji yaliyokuwamo. Hii ni kazi ya kuchosha na sina mengi ya kuisifia.

Baada ya mihogo ya kuchemsha na chai, saa 8 mchana, nilirudi kukagua majani. Wakati huo jua huwa kali, na miti mingi imeshafunga vitundu vidogo vya majani ili isipoteze maji zaidi. Uamuzi huo una gharama, kwa sababu vitundu hivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ambayo mti huitumia kujitengenezea chakula. Mti usipovifunga, mvuto wa maji ndani ya shina huweza kuzidi mpaka viputo vya hewa vikaziba mishipa, na tawi likafa likianzia kileleni. Mingine hupukutisha majani mapema. Wageni hushangaa kuona mikorosho ya vijijini ikiwa ya kijani na kuzaa wakati huohuo, lakini mkorosho una mizizi inayokwenda mbali kutafuta unyevu.

Saa 10 alasiri nilishuka kwenye chemchemi iliyo chini ya mteremko. Bibi mmoja alikuwa akisubiri ndoo yake ijae.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mvua imenyesha, mbona maji hayaongezeki? Vijana wanasema miti ndiyo inayoyanywa, ikatwe.”

Nilimjibu kuwa udongo ni kama mtu mwenye deni kwenye daftari la dukani: fedha ya kwanza anayoipata inalipa deni, haiji mkononi. Kuhusu miti sikutaka kumdanganya. Ni kweli inatumia maji mengi, na mahali pengi palipokatwa msitu vijito viliongezeka mwanzoni. Lakini ardhi ikibaki wazi na kugandamana, mvua kubwa hutiririka juu yake badala ya kuzama, na chemchemi hulishwa na maji yaliyozama. Alinisikiliza, kisha akauliza swali la maana zaidi: yatarudi lini?

Jibu nililitafuta usiku, saa 2, mbele ya daftari. Udongo wa kichanga wenye tifutifu kidogo huweza kuhifadhi takribani milimita 100 za maji yanayofaa mimea katika kila mita ya kina. Miti ikiwa imekausha mita 2, msitu unadai karibu milimita 200 kabla ziada haijaanza kushuka kuelekea chemchemi, bila kuhesabu yanayobaki majanini na yale ambayo miti itaendelea kuyatumia kila siku. Nimeiandikia kamati ya maji ya kijiji kwamba hata Desemba ikinyesha vizuri, zamu za kuchota ziendelee hadi Februari.