Masaki haimo Jijini, Chanika imo

Anayeishi Masaki, katikati ya balozi na hoteli za ufukweni, kisheria hakai ndani ya Jiji la Dar es Salaam. Anayeishi Chanika, ambako wengi wetu bado tunakuita shamba, anakaa Jijini. Tangu tarehe 24 Februari 2021, "Jiji la Dar es Salaam" ni jina la halmashauri moja tu, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Masaki ni Kinondoni, Sinza ni Ubungo, Mbagala ni Temeke, na ng'ambo ya kivuko ni Kigamboni. Kinachozikusanya zote tano ni Mkoa, na mkoa si jiji.

Kwa sensa ya 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728: Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Kata ziko 102, na 36 kati ya hizo ni za Ilala, yaani Jiji. Watu wote hao wanategemea mito ileile, dampo lilelile na barabara zilezile, lakini hawana hata baraza moja walilolichagua la kuyaangalia mambo hayo kwa pamoja. Ili kuelewa tulifikaje hapa inabidi turudi nyuma, maana mfumo huu umejengwa tabaka juu ya tabaka.

Waingereza waliupanga mji kwa rangi. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini zilikuwa kanda za ujenzi zenye masharti tofauti, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi, uitenge Kariakoo na Uhindini. Mji uliendeshwa na mamlaka iliyowekwa na serikali ya kikoloni, na haukupata hadhi ya manispaa hadi 1949. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Desemba 1961, uhuru ulipoingia, mji ukapandishwa kuwa jiji. Vijijini kulikuwa na mfumo mwingine kabisa, wa machifu na mabaraza yao, uliotokana na sheria ya 1926 chini ya Gavana Donald Cameron. Utemi ulifutwa 1963.

Miaka iliyofuata ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo iliyotuachia makovu. Mwaka 1972 ikaja sera ya Madaraka Mikoani. Jina lilionyesha kwamba madaraka yanashuka, lakini yaliyoshuka ni ya watumishi wa wizara, walioenda kukaa mikoani na wilayani. Halmashauri za wilaya zilifutwa, kisha zile za miji zikafuata, Dar es Salaam ikiwemo. Ndipo Ilala, Kinondoni na Temeke zilipopata uzito wa wilaya. Bajeti ya kuzoa taka, kufukia mashimo na kufagia masoko ikawa mstari mmoja ndani ya hesabu za mkoa, ikigombania fedha na mashamba na visima. Mji ni mashine inayotaka mafuta kila siku, na hakuna mtu wa mji aliyebaki na jukumu la kuyatia. Mitaro ikaziba, magari ya taka yakalala. Kipindupindu cha 1977 na 1978 kilipopiga, hoja ikajijibu yenyewe. Sheria ya muda ya 1978 ikazirudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria tunazozitumia hadi leo, zikiwa zimefanyiwa marekebisho mengi: Sheria Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji, na Namba 9 ya fedha. Halmashauri za wilaya zilirudi kazini 1984. Serikali za mitaa zimo pia kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146. Ibara hizo zinataka ziwepo, lakini sura yake zinaiachia sheria ya Bunge, na ndiyo maana sura hiyo hubadilika kirahisi.

Imebadilika kweli. Mwaka 1996 baraza la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa baada ya huduma kudorora, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume haikuwa na madiwani. Mwaka 2000 iliondoka, zikaachwa halmashauri nne: manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji kwa mambo yanayovuka mipaka. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Ile Halmashauri ya Jiji haikuwa na kata hata moja iliyo yake. Wajumbe wake waliletwa na manispaa, na kazi zake zilikuwa kama vituo vya mabasi na dampo la Pugu Kinyamwezi. Ilipovunjwa 2021 hoja kubwa ilikuwa hiyo, kwamba haina eneo. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli. Lakini kazi ya kuunganisha haikufa pamoja nayo, ilikosa mwenyewe tu. Mto Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu hadi daraja la Salenda, na mvua za masika hazijui unapoishia mpaka wa Ilala na unapoanza wa Kinondoni. Leo uratibu huo unafanywa na Mkuu wa Mkoa na Katibu Tawala wake, wote wateuliwa. Kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote, na kubadilisha majina hakulizibi.

Sasa muundo wenyewe. Kuna mkanganyiko wa lugha wa kuondoa kwanza. "Serikali za Mitaa" ni mfumo mzima chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na halmashauri, wenye halmashauri 184 Tanzania Bara: za wilaya, za miji, manispaa na majiji sita. "Serikali ya mtaa" ni ile ofisi ndogo ya mwenyekiti yenye bendera, mezani kuna daftari na muhuri. Mtu akisoma gazetini kwamba serikali za mitaa zimetengewa mabilioni, halafu akaenda kumdai mwenyekiti wake, anamwonea. Mwenyekiti wa mtaa hana kasma, yaani fungu lake la bajeti. Kijiji ni chombo kamili kisheria: halmashauri yake inaweza kushtaki na kushtakiwa, kutunga sheria ndogo na kusimamia ardhi ya kijiji. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo, ni ngazi ya kiutawala tu. Halafu yupo mjumbe wa nyumba kumi, balozi. Huyo alianzishwa na TANU miaka ya 1960, na tangu vyama vingi viliporudi 1992 ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Barua ya utambulisho ya kupeleka benki au mahakamani inatoka ofisi ya mtaa, kwa mwenyekiti au Mtendaji wa Mtaa.

Katika kila ngazi wapo wawili wawili, aliyechaguliwa na aliyeajiriwa. Mtaani ni mwenyekiti na mtendaji. Kwenye kata ni diwani, anayeongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, na Mtendaji wa Kata aliye katibu wake. Juu ni Meya na Mkurugenzi. Wenyeviti wa mitaa huchaguliwa kwenye uchaguzi wao peke yake, unaosimamiwa na TAMISEMI, na wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Madiwani huchaguliwa siku ileile wanapochaguliwa Rais na wabunge. Barazani huingia madiwani wa kata, wabunge wa eneo, na wanawake wa viti maalumu wasiopungua theluthi moja. Meya anachaguliwa na madiwani wenyewe, wananchi hawampigii kura.

Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Yeye ndiye katibu wa baraza na mkuu wa watumishi wote, kuanzia daktari wa manispaa hadi mtendaji wa mtaa wako, na malipo hayatoki bila ofisi yake. Meya ana joho, mkufu na kiti cha mbele, lakini hana mamlaka ya kumhamisha hata karani. Nguvu yake iko kwenye ajenda, na kwenye Kamati ya Fedha anayoiongoza, inayokutana kila mwezi wakati baraza zima hukutana kila baada ya miezi mitatu. Diwani anayeijua kazi hapigi kelele barazani. Hoja yake anaimaliza kwenye kamati, kwa sababu inapofika barazani makisio yameshafungwa. Mkuu wa Wilaya si bosi wa Meya wala si mjumbe wa baraza. Yeye ni mkono wa Serikali Kuu, anayeangalia usalama na utekelezaji.

Kabla ya kuandika barua, jua kitu unacholalamikia ni cha nani. Barabara kuu kama Morogoro na Nyerere ni za TANROADS. Za mitaani, pamoja na mitaro yake, ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, hazipo tena kwa wahandisi wa manispaa. Maji na majitaka ni DAWASA, mwendokasi ni DART, nauli za daladala ni LATRA. Halmashauri imebaki na taka, masoko, shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, vibali vya ujenzi, na leseni za biashara.

Tuchukue mtaro. Mtaa wenu unajaa maji na mnataka mtaro uingie kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Baraza hupitisha bajeti kati ya Januari na Februari, kisha inapita Kamati ya Ushauri ya Wilaya na ya Mkoa, inaenda TAMISEMI na Hazina, na Bunge linaijadili kuanzia Aprili. Kwa hiyo ombi linalozaliwa Machi, masika yanapoanza na watu wana hasira, limechelewa mwaka mzima. Muda wake ni Oktoba na Novemba, jua likiwaka na hakuna anayekumbuka mafuriko.

Kinachobeba ombi ni muhtasari wa mkutano wa mtaa. Uwe na tarehe, namba ya ajenda, azimio lililoandikwa kwa ukamilifu, saini ya mwenyekiti na ya mtendaji, muhuri, na orodha ya mahudhurio yenye saini za watu wenyewe. Orodha iliyojazwa kwa mwandiko mmoja tangu jina la kwanza hadi la mwisho inazua maswali mara moja. "Wananchi wanaomba mtaro" si azimio. Azimio linasema mtaro unaanzia wapi, una mita ngapi, na unamwaga wapi. Hilo la mwisho ndilo linaloua maombi mengi: maji yenu yakimwagwa mtaa wa jirani, mhandisi atalirudisha. Piteni mapema kwa mwenyekiti wa upande wa pili, muambatishe na muhtasari wake. Kutoka hapo ombi linaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani analipandisha. Kwa kuwa mitaro ni ya TARURA, nakala ipelekwe kwa meneja wao wa wilaya siku hiyohiyo, maana bajeti yao ina njia yake. Ombi likikwama, uliza kwa maandishi limekwama ngazi gani. Mara nyingi jibu ni ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho Hazina imekataza kukivuka, na hapo mtaro mrefu una nafasi mkikubali ugawanywe vipande vya miaka miwili au mitatu.

Fedha nazo zina historia ya kuhamahama. Kodi ya majengo ilikuwa mali ya manispaa, ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwa viwango vya 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 18,000 kwa mwaka, sawa na 1,500 kila mwezi, na ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu. Mkusanyaji ameongezeka ufanisi, lakini uzi kati ya kodi ya nyumba yako na taka za mtaa wako umekatika, na hilo ni hasara kwa uwajibikaji. Manispaa zimebaki na ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni, pamoja na leseni, vibali na mapato ya masoko. Asilimia 10 ya mapato yake ya ndani sheria inaielekeza kwenye mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Anayeanza upya aanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Malipo yoyote kwa halmashauri yana namba ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99, au stakabadhi ya mashine. Mgambo au mkusanyaji akitaja kiasi bila kimojawapo, usitoe, na andika jina lake na saa. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa umma, na mwananchi anaruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza. Ratiba iulizie ofisi ya Mkurugenzi, na kikao cha kutokosa ni kile cha bajeti, mwanzoni mwa mwaka.