Namna Nilivyorudisha Maji ya Moto Bafuni kwa Kutoa Hewa kwenye Hita ya Jua

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na ifikapo Juni na Julai asubuhi zake huwa na baridi ambayo mgeni kutoka Mtwara mjini haitarajii. Ndiyo maana nyumbani kwetu tuna hita ya maji inayotumia jua, ambayo paneli yake imelala juu ya bati na tangi lake limeinuliwa juu ya paneli. Hita ya aina hii haina pampu: maji yakipata joto ndani ya paneli huwa mepesi, hupanda kwa bomba la juu hadi tangini, na yale ya baridi hushuka kwa bomba la chini kushika nafasi yake, mradi jua linawaka na mabomba yamejaa maji.

Mwaka huu mgawo wa maji ulichelewa, simtanki linalolisha hita likakauka, na maji yaliporudi, bafuni yakawa yanatoka baridi hata baada ya jua kali la kutwa nzima. Fundi wa kwanza alishauri tununue paneli mpya. Sikukubaliana naye, kwa sababu nilipopanda ngazi mchana na kupapasa bomba la juu, mahali linapotokea kwenye paneli palikuwa panaunguza, ilhali upande wa pili wa nundu ndogo iliyotokana na bomba kulegea palikuwa baridi kabisa.

Mzee jirani, aliyefanya kazi ya bomba miaka mingi, alitazama kutoka chini akasema, “Limeshika hewa hapo, mwanangu. Usilifungue sasa hivi, litakubabua; ngoja alfajiri.”

Alfajiri nilifunika paneli kwa turubai, nikahakikisha tangi limejaa na koki ya kuingiza maji iko wazi, kisha nikalegeza yunioni, yaani kiungo cha bomba kinachofunguka, ya kwenye nundu kwa spana, kidogo kidogo. Hewa ilitoka kwa mluzi, yakafuata maji ya kutematema yenye kutu, na yalipoanza kutiririka mfululizo nikakaza. Baadaye tuliliinua bomba kwa vishikizo ili lipande moja kwa moja hadi tangini, tukafunga na valvu ndogo ya kutolea hewa.

Ndugu yangu aliyeko Uingereza, nilipomsimulia, alisema redieta za nyumba za huko, yaani vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto kwa maji ya moto, nazo hushika hewa: zikiwa baridi upande wa juu hufunguliwa kwa ufunguo mdogo, kisha hutazamwa presha ya boila, mtambo unaochemsha maji hayo, kwa kuwa hushuka. Zikiwa baridi upande wa chini, hilo kwa kawaida ni tope.

Jioni ile maji yalikuwa ya moto kiasi cha kuhitaji kuchanganywa. Siku hizi mgawo ukirudi baada ya simtanki kukauka, tunafungua valvu kwanza, kabla jua halijapanda, mpaka maji yatoke bila kukoroma.